Nyumbani Kwenu Mnampa Nini?
Mhadhara kuhusu kufundisha utulivu na tiba jumuishi, Kisangani



Nimeombwa nieleze kazi yangu. Mimi ni mwalimu wa madaktari, na kwa miaka mingi nimefundisha mambo mawili ambayo mwanafunzi hayakuti kwa urahisi katika vitabu vyake vya anatomia: namna ya kutuliza akili mbele ya mgonjwa, na namna ya kuziweka dawa za hospitali na dawa za nyumbani pamoja bila moja kuiharibu nyingine. La kwanza Wamarekani wamelipa jina na vyeti. La pili Shirika la Afya Duniani limelitungia mikakati. Watu huyadhania kuwa masomo mawili. Mimi naona ni somo moja, na somo lenyewe linaingia katika swali moja fupi. Nitaanza na usiku nilipolisikia swali hilo kwa mara ya kwanza.

Ndoo iliyopinduliwa

Nilikuwa daktari wa mwaka wa kwanza, zamu ya usiku, wodi ya watoto, katika hospitali ambayo sitaitaja. Mama mmoja alifika juu ya toleka, mwenye baiskeli akikanyaga gizani na mama nyuma yake amembeba mwanawe kifuani. Mtoto alikuwa na umri wa miaka 2 hivi. Alikuwa na moto mkali, degedege limempitia njiani, macho yamezama, na tangu asubuhi hakuwa amekojoa. Kipimo kilionyesha malaria. Hadi hapo kazi ilikuwa nyepesi.

Nikamwuliza mama, nikiwa nimesimama, kalamu mkononi: "Mama, umempa mtoto dawa za kienyeji?"

"Hapana, docta."

"Sema kweli! Kila siku mnatuletea watoto mkishawaharibu."

Akanyamaza. Akavuta pembe ya kitenge chake na kuibana chini ya kwapa. Nami nikaandika katika faili: hakuna dawa nyingine iliyotumika. Ulikuwa uongo, na aliyeutengeneza ni mimi.

Katika wodi hiyo kulikuwa na muuguzi mmoja, mama mtu mzima aliyebakiza muda mfupi kwenda kupumzika. Alinisikia, hakusema neno. Aliipindua ndoo ya plastiki, akaketi juu yake, hivi kwamba kichwa chake kikawa chini kidogo ya kichwa cha yule mama. Akaushika unyayo wa mtoto. Akakaa kimya. Mimi nilikuwa mlangoni, nina haraka, na kimya kile kilinichosha. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza habari za shamba: "Mama, nyumbani kwenu, mtoto akipata moto hivi, mnampa nini?"

Jibu likatoka lote kwa pamoja. Bibi yake mtoto alimsafisha tumbo kwa maji ya majani machungu, kwa kile kipira cha kupitishia nyuma, mara 3 tangu jana yake, na maji yayo hayo akamnywesha. "Majani gani?" Mama akaifungua pembe ya kitenge. Ndani mlikuwa na majani yaliyosinyaa, ya ule mmea tunaouita kongo bololo. Muda wote ule majani yalikuwa umbali wa mkono mmoja kutoka kalamu yangu.

Sisemi kwamba kongo bololo ni sumu. Ni dawa ya zamani, na wataalamu wa mimea wameichunguza kwa sababu nzuri. Lakini mtoto mdogo mwenye homa, akisafishwa tumbo mara 3, hupoteza maji ambayo damu yake na figo zake zinayahitaji. Baada ya kulijua hilo tuliyapima maji ya mshipani upya, tukaziangalia figo zake kila saa. Siku ya tatu mtoto alikojoa kitandani, shuka lote likalowa, na mama yake akacheka kwa sauti hadi wodi nzima ikageuka.

Sasa tazameni sarufi ya maswali yale mawili, maana humo ndimo nilimozitia nguvu zangu zote tangu usiku ule. Mimi niliuliza: umempa. Muuguzi aliuliza: mnampa. Katika swali langu kuna "u", mtu mmoja aliyesimamishwa peke yake. Na kuna "me", tendo lililokwisha kutendwa, lenye mkosaji. Katika swali lake kuna "m", nyumba nzima, bibi na jirani na ukoo. Na kuna "na", desturi, jambo ambalo watu hulifanya na hakuna anayefungwa kwa ajili yake. Swali langu lilikuwa la polisi. Lake lilikuwa la mgeni aliyekaribishwa na anataka kujua wenyeji wanaishi vipi.

Lakini swali peke yake lisingetosha. Ningeliuliza mimi kwa sauti ile ile, wima, macho kwenye saa, ningepata "hapana, docta" ile ile. Kilicholifungulia swali mlango ni kile kimya kilichotangulia. Ndiyo maana nasema utulivu na tiba jumuishi ni somo moja. Asiyeweza kutulia hatajua mgonjwa amekunywa nini, na asiyejua mgonjwa amekunywa nini hana cha kujumuisha.

Neno moja, watu wawili

Kiswahili chenyewe kilikuwa kimeshatufundisha hili kabla ya vyuo. Huko Tanzania, kiongozi wa madaktari wote wa nchi huitwa Mganga Mkuu wa Serikali. Hapahapo, yule mzee wa kijijini mwenye mizizi na pembe naye ni mganga. Hapa kwetu, katika Kiswahili cha Kisangani na katika Lingala, munganga ni huyu wa koti jeupe, na nganga ni yule wa miti. Mzizi ni uleule. Kuganga, katika maana yake ya zamani, ni kufunga kitu kilichovunjika ili kiungane, na gango ni kipande kinachoshikilia pande mbili za ufa zikae pamoja. Vyuo viliwatenganisha watu wawili ambao lugha ilikuwa imewapa jina moja, na mgonjwa akaachwa atembee katikati yao akiwa amefunga siri katika pembe ya kitenge.

Wahenga walisema, mficha maradhi, kifo humuumbua. Kwa muda mrefu tumeitumia methali hiyo kumlaumu mgonjwa. Mimi huitumia kumwuliza daktari: ni nani aliyemfundisha kuficha?

Na msidhani ufichaji huu ni wa watu wa msituni. Mwaka 1993 daktari David Eisenberg na wenzake wa Boston walichapisha uchunguzi uliowashtua madaktari wa Marekani. Mwaka 1990, kwa hesabu yao, Mmarekani 1 kati ya 3 alikuwa ametumia tiba ambayo hospitali haikuifundisha, na katika hao, asilimia 72 hawakumweleza daktari wao. Watu wenye gari, bima na simu ya mezani, nao walikuwa na kitenge chao.

Kwa nini wafiche? Sehemu ya jibu ilikuwa imeshapatikana. Mwaka 1984 Howard Beckman na Richard Frankel walisikiliza mazungumzo ya madaktari na wagonjwa yaliyorekodiwa, wakapima muda ambao mgonjwa hupewa aeleze shida yake kabla daktari hajamkata. Wastani ulikuwa sekunde 18. Jaribuni kueleza homa ya mtoto, safari, bibi, majani na hofu yenu katika sekunde 18.

Waliofungua madarasa

Marekani hiyohiyo ndiyo iliyoanza kulifanya jambo hili kuwa somo lenye walimu wake. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn, mtaalamu wa biolojia ya molekuli na si daktari, alifungua kliniki katika chuo cha tiba cha Massachusetts. Wagonjwa wake walikuwa watu wa maumivu ya muda mrefu, wale ambao kila daktari alikuwa amekwisha kuwapeleka kwa mwenzake. Aliwapa mafunzo ya wiki kadhaa: kukaa, kupumua, kuutazama mwili ulivyo sasa bila kuukimbia. Mazoezi aliyachota katika mapokeo ya Wabuda, akayavua mavazi ya dini. Mwaka 1994 Andrew Weil alianzisha katika Chuo Kikuu cha Arizona programu ya kufundisha madaktari tiba jumuishi. Na mwaka 1999 Ronald Epstein wa Rochester aliandika makala akiligeuza somo kutoka kwa mgonjwa kwenda kwa daktari. Hoja yake ilikuwa kwamba daktari naye anahitaji kuwa pale alipo, aione akili yake mwenyewe inavyokimbia, aone anavyoamua kabla hajasikia.

Miaka 10 baadaye Epstein, Michael Krasner na wenzao walitoa matokeo ya mafunzo waliyowapa madaktari 70 wa huduma za msingi. Uchovu wa kazi ulipungua, na huruma kwa wagonjwa ikaongezeka. Huwaambia wanafunzi wangu wayasome matokeo hayo kwa macho mawili. Jicho moja lifurahi. Jingine lione kwamba madaktari wale walilinganishwa na wao wenyewe kabla na baada, hapakuwa na kundi jingine la kulinganisha, na walikuwa wamejitolea. Anayefundisha utulivu lazima awe mgumu kudanganyika kuliko wengine, kwa sababu bidhaa yake inauzika kirahisi.

Ngoma ya Walokele

Lakini sisi hatukuanzia Massachusetts. Shukeni mto kilomita chache kutoka hapa mfike Yakusu. Wamisionari Wabaptisti kutoka Uingereza walifika pale mwishoni mwa karne ya 19, na mwaka 1920 akaja daktari Clement Chesterman. Ugonjwa wa malale ulikuwa ukimaliza vijiji. Dawa mpya ya wakati ule, traipasamaidi, iliweza kumrudisha mtu ambaye ugonjwa ulikwisha kumwingia ubongoni, lakini iliweza pia kumpofusha. Daktari mmoja hawezi kuvidunga vijiji vyote vya mto. Kwa hiyo Yakusu ilifundisha vijana wa hapa uuguzi, wakatumwa kwenye zahanati za vijijini. Mwaka 1936 Stanley Browne alimpokea Chesterman kazi hiyo, akaiendeleza hadi 1959, na jina lake likajulikana duniani kwa ukoma.

Majina ya wazungu hao wawili yamo katika vitabu. Mwanahistoria Nancy Rose Hunt, katika kitabu alichokitoa mwaka 1999 kuhusu uzazi na tiba huko Yakusu, alitutaka tuwatazame waliokuwa katikati: wauguzi, wakunga, walimu, watu waliobeba maneno kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mimi nawaita walimu wa kwanza wa tiba jumuishi katika jimbo letu la Tshopo. Muuguzi aliyebeba sindano inayoweza kupofusha alilazimika kusikia mtu anaposema macho yanaona ukungu, na kulisikia katika lugha ya nyumbani, pamoja na habari za mganga aliyepitiwa jana. Hakuna aliyempa cheti kwa usikivu huo.

Na usikivu ulikuwa na chuo chake hapahapa. John Carrington, mmisionari aliyeishi Yakusu, alichapisha mwaka 1949 kitabu kuhusu ngoma zinazosema za Afrika, baada ya kujifunza ngoma ya Walokele, wenyeji wa mto huu. Alieleza jambo ambalo wazee walilijua tangu zamani. Ngoma ya mti ina sauti mbili tu, ya juu na ya chini. Maneno mengi hulingana kabisa yakigeuzwa kuwa sauti hizo mbili. Kwa hiyo mpigaji halitaji jambo kwa neno moja. Hulizungushia fungu zima la maneno, na kulirudia, mpaka aliyeko ng'ambo ya mto awe na hakika ni mwezi unaosemwa na si kuku. Anayesikia kwa pupa ataona ngoma inapiga porojo. Anayejua kusikia anajua kwamba urefu ule ndio usahihi wenyewe.

Mgonjwa wetu huzungumza hivyo. Ukimwuliza kinachomwuma, huanza na kifo cha mjomba, kisha shamba, kisha ndoto, kisha tumbo. Daktari kijana humwona anapotea. Hapotei. Amepewa na hospitali sauti mbili tu, ndiyo na hapana, naye anajaribu kupitisha ujumbe mkubwa katika tundu hilo dogo. Mkate katika sekunde ya 18, utabaki na kuku badala ya mwezi.

Waliojaribu kuunganisha

Serikali zetu nazo zimelijaribu jambo hili. Katika miaka ya 1970, enzi ya siasa ya uhalisi ya Rais Mobutu, Zaire, kama nchi yetu ilivyoitwa, ilitaka kujua waganga wake wana nini. Gilles Bibeau wa Kanada alishiriki katika utafiti mkubwa juu ya tiba ya jadi, ripoti ikachapishwa mwaka 1979. Mwenzake Ellen Corin alichunguza zebola, tiba ya wanawake yenye ngoma na dansi iliyotoka Equateur na kuhamia Kinshasa pamoja na wagonjwa wake. Mwaka 1978 tamko la Alma-Ata lilikuwa limewataja waganga wa jadi na wakunga miongoni mwa watu wa afya ya msingi. Ripoti zikawekwa kabatini, na wodi zetu zikaendelea kuuliza "umempa".

Dar es Salaam walishika njia ndefu zaidi. Mwaka 1974 walianzisha kitengo cha utafiti wa dawa za asili katika kitivo cha tiba, na mwaka 1991 kikawa taasisi kamili huko Muhimbili. Mwaka 2002 Tanzania ikatunga sheria ya tiba asili na tiba mbadala. Kwa kijana anayetafuta ajira, taasisi ni jambo kubwa kuliko tamko. Taasisi ina kiti na mshahara, na ina mtu wa kukurithi ukistaafu.

Na upande wetu wa mashariki, Bukavu, Hospitali ya Panzi iliyoanzishwa mwaka 1999 na daktari Denis Mukwege iliwapokea wanawake waliobakwa vitani, ikagundua kwamba upasuaji peke yake hauwasimamishi. Ikajenga nguzo 4: tiba ya mwili, msaada wa nafsi, msaada wa sheria, na msaada wa kujitegemea kiuchumi. Mukwege alipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, wengi walisifu ushujaa wake. Mimi kama mwalimu nilisifu pia mtaala wake. Huo ndio ujumuishi. Ulianzia kwa mgonjwa na mahali alipovunjikia, na gango likachongwa kwa kipimo cha ufa.

Sisi wa Kisangani tuna ufa wetu. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000 majeshi mawili ya kigeni, la Rwanda na la Uganda, yalipigana ndani ya mji huu. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita vile vyote, yakiwemo ya Kisangani. Lakini hakuna mahakama inayofika kwenye kifua cha mtu ambaye radi ikipiga anaingia chini ya kitanda. Huyo akija kliniki hasemi "nina kiwewe cha vita". Husema: roho inapiga, mawazo ni mengi. Zimbabwe wana neno linalokaribiana na hilo, kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Huko daktari Dickson Chibanda aliwafundisha akina bibi wa mitaani kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliokaa na bibi walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Benchi na bibi aliyefunzwa: vifaa hivyo tunavyo.

Tunachofundisha

Wanafunzi huniuliza: mwalimu, somo lako lina nini ndani? Nitawaeleza mazoezi 3.

La kwanza ni ndoo ya maji. Tangu Ebola na korona, kila mlango wa hospitali una ndoo yenye bomba na sabuni. Shirika la Afya Duniani linashauri kunawa mikono kwa sekunde 40 hadi 60. Mwanafunzi wangu hanawi huku akizungumza wala simu ikiwa kwapani. Anayasikia maji yanavyopita kwenye vidole, anapumua mara 3, anamwacha mgonjwa aliyetoka kwake abaki nyuma. Haimgharimu hospitali hata faranga moja, na vijidudu navyo vinaondoka. Nimefundisha utulivu kwa maneno mengi ya vitabu, hakuna lililokaa kama ndoo.

La pili ni swali lenyewe. Wanafunzi hulifanyia mazoezi wawili wawili, kwa Kiswahili na Lingala, mmoja mgonjwa, mwingine daktari aliyeketi. Anayesema "umempa" anaanza upya. Baada ya swali, kanuni ni kunyamaza mpaka mgonjwa amalize, kisha kunyamaza kidogo tena, kwa sababu jambo zito hutoka baada ya "basi, ni hayo tu".

La tatu ni mmea. Kusikia jina hakutoshi, jina hubadilika kila ukivuka mto. Mwanafunzi huleta jani, ikiwezekana na ua au tunda, tulipeleke kwa wataalamu wa mimea wa kitivo cha sayansi au tulilinganishe na hazina ya Yangambi, kituo cha utafiti kilichoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1933, ambako makumi ya maelfu ya mimea iliyokaushwa imehifadhiwa. Nawapa mfano wa mti mdogo wa msitu wetu, Rauvolfia vomitoria. Waganga wa Afrika waliutumia mzizi wa jamii hiyo kuwatuliza wenye wazimu. Mwaka 1952 wanakemia wa Uswisi walitoa katika ndugu yake wa Asia dawa ya reseripini, ikatumika duniani kushusha presha na kutuliza akili, na mti wa Kongo ukawa chanzo kikubwa cha dawa hiyo viwandani. Basi mzee anayemeza vidonge vya presha vya hospitali asubuhi, na jioni akanywa mzizi huo, anashusha presha mara mbili. Akianguka bafuni, faili litasema: hakuna dawa nyingine iliyotumika.

Pia nawafundisha kusema "bado". Mwaka 2015 Tu Youyou wa China alipewa Nobel kwa kupata artemisinini katika mmea wa jadi. Wengi wakaruka kusema: basi tunywe chai ya mmea huo. Mwaka huohuo wa 2015 utafiti juu ya chai hiyo ulifanyika hapa karibu, Maniema. Ukachapishwa kwa shangwe, kisha jarida lenyewe likaufuta. Ujumuishi hauna maana ya kukubali kila kitu. Sufuria mbili zinapowekwa jikoni moja, mizani lazima iwe moja.

Pingamizi

Nasikia pingamizi 3, na zote nazipenda.

Wachungaji husema: kukaa kimya na kupumua ni dini ya kigeni. Nawajibu kwamba sijamwuliza mwanafunzi yeyote anaiombea pumzi yake baraka kwa nani. Mkatoliki hunyamaza mbele ya altare, Mwislamu hutulia kabla ya kukabiri sala. Ninachoomba ni mtu aufikishe utulivu huo hadi kitanda namba 7.

Madaktari wenzangu husema: ukimkaribisha mganga, umemkaribisha mchawi. Hapo nina mpaka, nami husema wazi. Anayenionyesha jani nakaa naye. Anayemnyooshea mtoto kidole kwamba ni mchawi, sina meza naye, na sheria ya nchi ya mwaka 2009 ya kulinda watoto inamwadhibu.

Wauguzi husema jambo zito kuliko yote: unatufundisha kupumua wakati mishahara haiji. Ni kweli. Mganga hajigangi, na muuguzi mwenye njaa hawezi kuigeuza njaa yake kuwa subira kila siku. Pumzi haijazi sufuria. Kiongozi akiniita nije "kuwatuliza" wafanyakazi wanaodai haki yao, hukataa. Utulivu ninaofundisha humfanya mtu aone vizuri zaidi, pamoja na kuona kwamba amedhulumiwa.

Kwa anayetaka kiti hiki

Vijana, baadhi yenu mmeniuliza kama kazi hii ina njia. Chuo chetu cha Kisangani kilianza mwaka 1963 mikononi mwa Waprotestanti, mwaka 1971 kikamezwa na chuo kimoja cha taifa zima, mwaka 1981 kikapata tena uhuru wake. Katika miaka yote hiyo walimu wake waliishi kwa kuungaunga. Hakuna atakayekuajiri kwa jina la "mwalimu wa utulivu". Utaingia kwa mlango wa magonjwa ya watoto, au wa dawa, au wa afya ya jamii. Utakuwa msaidizi kwa miaka mingi. Wenzako watakutania kwamba unafundisha kunyamaza na unalipwa. Wewe shika daftari. Andika kila jani ulilooneshwa, kila mwingiliano ulioushuku, kila faili ulilolisahihisha. Baada ya miaka 10 daftari hilo litakuwa tasnifu, na hakuna mtu wa Boston anayeweza kuliandika badala yako, kwa sababu hakukaa kwenye ile ndoo.

Yule muuguzi alistaafu muda si mrefu baada ya usiku ule. Sikupata kumshukuru kwa maneno. Niliomba ile ndoo, wakaniambia ni mali ya wodi.

Nimesema muda mrefu kuliko nilivyowahi kumpa mgonjwa yeyote. Humu ndani wamo akina bibi waliosafisha matumbo ya watoto kwa majani, wamo waganga wa miti, wamo mama waliowahi kusema "hapana, docta" huku wamebana kitenge. Kipaza sauti kinashuka kwenu. Wanafunzi wangu wamekuja na kalamu, nami nitaketi. Nyumbani kwenu, mtu akiumwa, mnaanza na nini?